Mkanda wa Rangi

Katika duka la dawa za mimea na mifugo, Webuye,
nauza sumu kwa rangi.
Mkanda wa kijani chini ya chupa: nawa mikono, inatosha.
Buluu: vaa glavu.
Njano: glavu na barakoa, na usile ukinyunyiza.
Nyekundu ina fuvu na mifupa miwili,
na Khaemba, mwenye duka, huiweka rafu ya juu kabisa
anakofika yeye tu, kwa kusimama juu ya kreti ya soda.
"Mteja hasomi," husema. "Msomee."
Basi huwasomea. Akina mama wa Misikhu, vijana wakata miwa,
babu mmoja aliyeniuliza fuvu lile ni la nani.

Usiku ninaandika.
Kulikuwa na mchezo wa redio, Daraja la Nzoia,
ukaisha mwaka juzi bila kutuaga:
Nesi Loisi amesimama ng'ambo hii,
Wepukhulu na lori lake la sukari ng'ambo ile,
halafu muziki, halafu taarifa ya habari.
Sikukubali. Wala si mimi peke yangu.
Tuko kama arobaini, kutoka Kimilili hadi Siaya,
tunaowavusha wale wawili, kila mtu kwa njia yake,
na tunatumiana.

Rangi nilizikopa dukani.
Juu ya kila hadithi, kabla ya neno la kwanza:
Kijani, asome hata mtoto wa shule ya Jumapili.
Njano, miaka kumi na sita; kuna matusi ya utingo.
Nyekundu, funga mlango.
Loisi, mkwaju, Wepukhulu: wapenzi.
Loisi "na" Wepukhulu: marafiki, usitarajie makubwa.
(Nilishtakiwa mara moja. Nilikuwa nimeandika "na",
kumbe sura ya nne mtu anamfunga mwenzake kifungo cha shati
polepole mno.)
Wahusika si wangu, ni wa redio.
Makosa ya sarufi ni yangu.

Ila kuna moja niliyoidanganyia rangi.
Niliipenda. Ndani yake mto unafurika,
Wepukhulu anashuka kwenye lori kumtoa mtoto wa watu juu ya paa,
na hapandi tena.
Nikiandika "Onyo: kifo", niliwaza, nitakuwa nimekiua kifo chenyewe.
Nani hufunga zawadi akaandika juu kilichomo?
Nikaweka kijani. Nikaituma. Nikalala.

Maji ya Webuye hayakai Webuye.

Siku ya tatu likaja jibu kutoka Budalang'i,
kwa mtu anayejiita Nabwire, asiyewahi kuniandikia:
"Dada, umeandika vizuri. Paa ni hivyo hivyo,
mabati huteleza, na mlio wa ng'ombe majini umeupata.
Baba yetu tulimpata siku ya sita.
Nilikuwa nasoma huku nachambua omena, watoto wako hapo,
nikijua ni kijani.
Sisemi usingeiandika. Ningesoma tu.
Ila ningekaa kwanza."

Nililisoma dukani, wateja wawili wakisubiri.
Mkononi nilikuwa na chupa ya mkanda mwekundu,
na yale maandishi madogo ambayo huwa nayaruka
kwa kuwa mteja ana haraka na mimi nina haraka:
Usioshe chombo hiki mtoni.
Nikayasoma kwa sauti. Mara mbili.
Mteja akasema amesikia.

Jioni nilirudi kwenye hadithi. Sikugusa neno la ndani,
si paa, si lori lenye taa zinazowaka chini ya maji.
Juu yake niliandika:
Njano. Mafuriko. Mtu harudi.
Kaa kwanza.

Nabwire hakujibu.
Lakini juzi nimeletewa hadithi ngeni, fupi, yenye makosa kunizidi,
ya msichana muuza samaki na baba yake anayevuka daraja
akiwa mkavu kabisa, hata viatu.
Juu, kwa herufi kubwa: KIJANI.
Na chini yake, kwa ndogo:
Onyo, anafika nyumbani.